Mgeni Akija Malindi na Mtaji, Usimfundishe Kuhonga

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatafutia wageni viwanja na nyumba, kuanzia Watamu hadi Mambrui. Vijana wanaoingia kwenye udalali huniuliza mbinu ya kumaliza makaratasi haraka. Nawaambia hivi: mtu akikunong'oneza "mkubwa anataka chai", ujumbe huo usimpelekee mteja wako.

Mteja wangu mmoja Mtaliano alitaka kujenga kiwanda cha barafu kwa ajili ya wavuvi. Kibali cha kwanza aliombwa kitu kidogo, akatoa. Habari zikatembea. Ofisi ya pili walijua bei yake kabla hajabisha hodi, ya tatu wakapandisha. Pesa alikuwa nazo. Kilichomchosha ni kukosa mtu wa kumwambia jumla itakuwa kiasi gani na itakwisha lini. Kodi, hata iwe kubwa, utaiweka kwenye hesabu mapema, hongo huwezi. Mchumi Shang-Jin Wei aliandika hayo mwaka 1997, kwamba rushwa isiyotabirika huwakimbiza wawekezaji wa kigeni kuliko kodi. Yule bwana akafunga virago, na wavuvi wakaendelea kuuza samaki jioni kwa bei ya kutupa, kabla hawajaharibika.

Lakini kinachoniuma zaidi ni yule anayebaki. Mwekezaji mwaminifu akiondoka, nafasi yake huchukuliwa na aliyezoea kununua vibali. Huyo pesa zake atazirudisha kwa kukata mishahara ya watoto wetu. Na kama kibali alikinunua, atashindwaje kununua ruhusa ya kuziba njia ya kwenda baharini?

Wapo wanaoamini hongo ni bima. Si kweli. Kampuni ya World Duty Free iliishtaki Kenya katika mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia kuhusu mkataba wa maduka kwenye viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Ikabainika kwamba mwaka 1989 zilitolewa dola milioni 2 kwa rais wa wakati huo ili mkataba upatikane. Mwaka 2006 madai yakatupwa: mkataba uliopatikana kwa hongo haulindwi.

Kwa ardhi ni vilevile. Dalali akimwahidi mgeni kwamba kwa nyongeza kidogo atapata kiwanja cha milele, anamwibia. Kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, na mkataba ukiandika zaidi ya hapo, utahesabiwa kuwa wa miaka 99 tu.

Kwa hiyo, kabla mgeni hajatoa hata shilingi, fanya naye sachi, yaani kukagua rekodi za mmiliki wa kiwanja, kwenye ofisi ya ardhi, naye awe na wakili wake mwenyewe, si wa muuzaji. Mwandikie ada zote halali kwenye karatasi moja, na kila malipo yawe na risiti. Anayedai cha ziada mwombe akiandike. Wengi hunyamaza hapo hapo. Asiponyamaza, andika tarehe, ofisi na alichosema, upeleke EACC, tume ya kupambana na rushwa, wana ofisi hapa hapa Malindi. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, na wewe uliyebeba bahasha hutasalimika kwa kusema ulitumwa.