Maswali ya Wasomaji: Parkuri ya kwenye Filamu na Parkuri ya Ardhini

Barua za Kigoma safari hii zimekuja kwa wingi kuhusu parkuri, ule mchezo wa kupita juu ya kuta, ngazi na vizuizi bila kifaa chochote. Wafaransa walioanzisha huuandika parkour. Karibu kila barua inaanzia kwenye filamu, kwa hiyo na majibu yetu yanaanzia huko.

Mwanangu ana miaka 14. Aliangalia muvi kwenye banda la video, kesho yake akajirusha kutoka kwenye ukuta wa jirani, kama mita 2, akateguka kifundo cha mguu. Wale wa kwenye picha wanaruka ghorofa na kuendelea kukimbia. Kwa nini wao hawaumii? Nimkataze kabisa? – Mama mzazi, Ujiji

Mama, pole kwa kuuguza. Tuanze na mguu. Usiruhusu uchuliwe siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu kuchua kunazidisha uvimbe. Funga barafu ndani ya kitambaa, uiweke dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, na mguu ulale juu ya mto. Kama hawezi kukanyaga hata hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza, mpeleke hospitali ya Maweni wampige eksirei. Huenda umevunjika.

Sasa wale wa kwenye picha. Nao huumia, ila kipande alichoumia mtu hakiingizwi kwenye filamu. Mruko mmoja unaouona kwa sekunde tatu unaweza kuwa umepigwa vipande vitatu: anaondoka juu, yuko hewani, anatua. Kila kipande kimerudiwa mara nyingi, siku tofauti, pengine na mtu tofauti aliyevaa nguo za steringi. Chini, nje ya picha, kuna magodoro mazito au maboksi matupu yaliyopangwa tabaka kwa tabaka. Mwilini kuna waya unaofutwa baadaye kwa kompyuta. Mwendo nao huongezwa: filamu huonyeshwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, hivyo ukirekodi kwa fremu 22 na kuonyesha kwa 24, mtu anaonekana mwepesi kuliko alivyo. Mwanao aliona matokeo ya kazi yote hiyo akadhani ni mruko mmoja.

Ardhi haina godoro. Mtoto wa kilo 45 akishuka mita 2 na kukunja miguu taratibu ili mwili ushuke sentimita 40 zaidi kabla ya kusimama, miguu inabeba wastani wa mara 6 ya uzito wake, yaani kilo 270. Akitua miguu imekakamaa na kusimama ndani ya sentimita 10, ni mara 21: kilo 945. Mtoto ni yuleyule na ukuta ni uleule. Tofauti iko kwenye magoti.

Kumkataza kabisa hatushauri, maana ataruka usipokuwepo. Mpe masharti. Aanze kushuka kutoka kimo cha goti. Atue kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yaelekee vidole vinakoelekea na yasiingie ndani, kisha mikono iguse chini. Sikio ndilo mwalimu wake: akitua kwa kishindo, amekosea. Atakapotua kimya mara kumi mfululizo ndipo apande kimo kidogo. Kwa umri wake hatuoni sababu ya kupita kimo cha kiuno mwaka wa kwanza wote.

Na ahadharishwe na mchanga wa ziwani. Mchanga unameza nguvu ya kutua, kwa hiyo mtoto anayejifunzia ufukweni Kibirizi anadhani amejua kumbe mchanga ndio uliojua. Siku akihamia kwenye saruji bila kurudi kimo cha goti, anaumia. Tunadhani vijana wengi wanaoteguka hapa Kigoma wanapitia njia hii.

Tukifanya mazoezi Gungu watu wanapiga kelele za mwizi. Juzi nusura tupigwe. Parkuri imetoa wapi sifa hii mbaya? – Kijana, Gungu

Mdogo wetu, kwa sehemu kubwa imeitoa kwenye filamu, na inauma, kwa sababu asili yake ni kinyume chake. Neno lenyewe linatokana na njia ya mazoezi yenye vizuizi ya jeshi la Ufaransa. Nyuma yake kuna mafunzo ya Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini, ambaye msimamo wake ulikuwa kwamba mtu awe na nguvu ili awe na manufaa kwa wengine. Raymond Belle, askari wa zimamoto mjini Paris, alimrithisha mwanawe David mazoezi ya namna hiyo. David na wenzake, akiwemo Sébastien Foucan, wakayakuza miaka ya 1990 huko Lisses, kitongoji cha nje ya Paris. Kundi lao likaitwa Yamakasi. Nyie mnaosikiliza muziki wa Kikongo hamhitaji mkalimani: ni Kilingala, «ya makasi», mwenye nguvu. Ndani ya kundi alikuwemo mwenye asili ya Kongo. Yaani kundi lililokuza mchezo mnaofukuzwa nao Gungu lilibatizwa kwa lugha ya nchi iliyo ng'ambo ya ziwa lenu.

Halafu sinema ikaingia. Mtunga filamu anahitaji sababu ya mtu kukimbia, na sababu rahisi ni kufukuzwa. Filamu ya 2001 yenye jina la kundi hilo inawaonyesha vijana wakiingia kwenye nyumba za matajiri kuiba, eti wapate fedha za matibabu ya mtoto aliyeanguka akiwaiga. Ya 2004, Banlieue 13, inamweka David Belle akikimbia majambazi. Ya 2006, Casino Royale, inampa Foucan nafasi ya mtengeneza mabomu anayefukuzwa Madagaska. Hata hiyo Madagaska ilipigiwa Bahamas. Watu wengi duniani walikutana na mchezo huu kwa mara ya kwanza kupitia mwizi au mtu anayefukuzwa. Jirani yako hana kosa kuwaza hivyo akiona miguu juu ya uzio wake.

La kufanya ni kuacha kufanana na ile picha. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtu mzima mmoja, mseme mnafanya wapi na saa ngapi. Fanyeni mchana, sehemu moja inayojulikana, bila kofia za kuficha uso. Mwalikeni jirani mwenye ukuta aone mazoezi ya kutambaa kwa mikono na miguu kwa dakika kumi. Akiona jasho lile hataita mtu mwizi tena kirahisi.

Mapaa, hapana. Kwenye filamu wanakimbia juu ya zege la kumwaga. Kwetu ni bati juu ya mbao, na bati lenyewe unene wake haufiki nusu milimita. Linabeba mtu pale tu lilipopigiliwa kwenye mbao. Ukikanyaga katikati ya mbao mbili linabonyea au mguu unapita. Kuta nazo zikaguliwe kabla: pitisha macho juu uone kama kuna vipande vya chupa, sukuma matofali ya juu kwa kiganja uone kama yanacheza, na wakati wa masika gusa kama kuna kuvu la kuteleza.

Vijana wa shule yetu wanapiga samasoti na kusema ni parkuri. Ni sahihi? – Mwalimu wa michezo, Mwandiga

Si hasa, Mwalimu. Parkuri ni kutoka hapa kufika pale kwa njia salama na ya haraka. Samasoti haikufikishi haraka popote. Mtindo wenye madoido unajulikana zaidi kwa jina la Kiingereza, freerunning, lililoenea baada ya filamu ya televisheni ya Uingereza ya 2003 iliyomwonyesha Foucan mjini London. Kamera inapenda samasoti, basi ndiyo inayosambaa. Na kama mkuu wa shule anauliza kama ni mchezo unaotambulika: Uingereza iliutambua rasmi 2017.

Tunataka kurekodi klipu zetu kwa simu bila kudanganya watu, lakini za kawaida hazivutii. Tufanyeje? – Vijana wanne, Kibirizi

Swali zuri kuliko yote tuliyopokea. Uongo mwingi huanzia kwenye kimo cha simu. Ukilaza simu chini na kuielekeza juu, ukuta wa mita 1 unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Lenzi pana inarefusha pengo lililo mbele yake. Ukivuta kwa zumu kutoka mbali, pengo linafupika. Wekeni simu kimo cha kifua cha mrukaji, ubavuni, hatua kama nane kutoka kwake, ili kuondoka na kutua vyote viwe ndani ya picha moja bila kukata.

Pimeni pengo kwa nyayo za viatu na mlitaje kwenye klipu. Anayeweza kuruka nyayo 8 chini, kati ya mistari miwili iliyochorwa, akiwa juu ya kingo za kuta aruke 6. Onyesheni na majaribio yaliyoshindikana. Mtazamaji wa miaka 14 ajue kwamba mruko mmoja umetanguliwa na mingine ishirini.

Klipu ya mtu mwingine mnaweza kuikagua wenyewe. Isogezeni fremu kwa fremu, hesabuni kuanzia pale mwili unapokuwa juu kabisa hadi miguu inapogusa. Kama imerekodiwa kwa fremu 30 kwa sekunde, gawanyeni idadi kwa 30 mpate sekunde, zizidisheni kwa zenyewe, kisha kwa 4.9. Jibu ni mita alizoshuka mrukaji. Fremu 15 ni mita 1.2 tu, fremu 20 ni kama mita 2.2, fremu 30 ni 4.9. Hesabu hii haifai kwa klipu iliyopunguzwa mwendo. Na mkikuta picha imekatwa kati ya kuondoka na kutua, msihangaike kuhesabu: huo si mruko mmoja.