Babu wa Birmanie: tuandike nini, na juu ya nini?

*Ndugu wahariri, babu yetu, kaka mkubwa wa babu aliyemzaa baba, aliondoka Élisabethville (Lubumbashi ya leo) na Force Publique, jeshi la Kongo ya Ubelgiji, na hakurudi. Wazee wanasema alifia "Birimani", yaani Birmanie (Burma, Myanmar ya leo). Tuna nishani na jina, basi. Tunataka kumwekea kibao. Tuanzie wapi?* Baba wa familia, Katuba

Baba, anza na nishani, hasa utepe wake. Kwenye medali ya vita vya Afrika vya 1940–1945, kipande kidogo cha chuma kinachobanwa juu ya utepe kinataja eneo: NIGERIA, MOYEN-ORIENT, BIRMANIE. Kikisoma BIRMANIE, wazee wana haki. Lakini jueni kwamba Kongo haikupeleka huko vikosi vya kupigana. Ilipeleka hospitali ya uwanja wa vita, ile ya 10, ikafanya kazi pamoja na jeshi la Waingereza. Basi babu huenda alikuwa muuguzi, mbeba machela, dereva au mpishi. Msimchoree bunduki kabla ya kuhakikisha.

Kisha tafuteni namba yake ya matrikuli, yaani ya kuandikishwa jeshini, maana jina peke yake litawapoteza. Karani aliandika alivyosikia: Ngoy anakuwa Ngoie, Mwamba anakuwa Muamba. Andikeni kila namna, pamoja na jina la baba yake, kijiji na chefferie (eneo la chifu). Majina ya miji yaandikeni ya wakati ule: Kalemie ni Albertville, Bukavu ni Costermansville, Kisangani ni Stanleyville. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinaweza kusaidia. Ombi lenu liende Brussels, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambako mafaili ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni yamekuwa yakihamishiwa. Msipomwona katika orodha za makaburi za Waingereza, msikate tamaa: zile zinahusu hasa askari wao na wa makoloni yao. Force Publique ilikuwa ya Ubelgiji.

*Tuliagiza kibao cha shaba cha kumkumbuka mjomba wetu askari. Herufi zimepasuka kwenye kona, na skrubu zinatiririsha kutu. Kosa ni la nani?* Mama wa Kamalondo

Mama, makosa ni mawili tofauti. Shaba ikipigwa nyundo inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inapasuka pale inapokunjwa kwa ukali, yaani kwenye kona za E, M na N. Fundi alipaswa kuipasha moto hadi iwe nyekundu iliyofifia (afanye kivulini, juani rangi haionekani), aizamishe majini, aendelee. Na kila ikianza kurudisha nyundo mkononi, airudishe motoni. Bamba la milimita 0.8 linatosha. Lilazwe juu ya lami iliyolainishwa kwa moto, si juu ya mbao. Na herufi zikipigwa kutoka nyuma, zichorwe kinyume kama kwenye kioo. Tumeona kibao kizuri kabisa kinachosomeka kwa kioo tu.

Kutu ni ya skrubu za chuma. Chuma kikigusana na shaba kwenye unyevu huliwa haraka. Mvua mbili za Novemba zinatosha kuchora machozi ya kahawia. Nunua zile wauzaji wanaita laiton (shaba ya njano), za milimita 4, na toboa matundu ya milimita 5 ili bamba lipate nafasi ya kutanuka juani.

Ila kuna jambo ambalo fundi hatakwambia. Bamba la sentimita 30 kwa 40 lina gramu 860 hivi za shaba, na mnunuzi wa mitraille (vyuma chakavu) haulizi jina lililoandikwa ni la nani. Kwa ushauri wetu shaba ikae nyumbani au ndani ya kanisa. Makaburini wekeni zege: sentimita 40 kwa 60, unene 6. Lita 4 za simenti, 8 za mchanga, 12 za kokoto ndogo, na maji kama lita 2.5. Waya wa wavu uwe katikati. Maji yakizidi ili zege litiririke vizuri, uso utamomonyoka na herufi zitakwenda nao. Lifunikeni kwa magunia yenye maji siku 7, hasa wakati wa kiangazi, zege linapokauka kabla ya kushika.

*Kwenye kibao tuandike "Mort pour la Belgique" (amekufa kwa ajili ya Ubelgiji)?* Kijana wa commune ya Kenya, Lubumbashi

Hilo ni la familia yenu. Sisi tungeandika jina kama mama yake alivyolitamka, kijiji, namba, mahali na mwaka, kwa Kiswahili. Herufi zenye kimo cha sentimita 3 kwenye upana wa sentimita 40, ukiacha pambizo, zinaingia 16 kwa mstari. Zipimeni kwanza kwenye karatasi. Mwaka ukiwa haujulikani, msibuni. Acheni mstari wa chini mtupu, jibu la Brussels huchelewa.