Wanamuziki wapo, bendi haipatikani: majibu kwa wasomaji

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Mimi ni mpiga gitaa la rithimu, mkazi wa Tanga. Nimenunua vyombo vya kuitosha bendi ya watu saba, nimepata chumba cha mazoezi, na wenye hoteli mbili wameniahidi usiku wa Jumamosi endapo nitakuwa na bendi ya dansi iliyokamilika. Kinachonikwamisha ni watu. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitangaza majaribio kwa simu na kwa redio ya hapa mjini, na kila ninapotangaza hujitokeza waimbaji wengi, wapiga solo wenye vidole vyepesi lakini wasioweza kurudia kitu kile kile mara mbili, na vijana wa kinanda ambao ukiwabadilishia ufunguo, yaani ukipandisha au kushusha sauti ya wimbo mzima, wanapotea. Mpiga besi wa kweli sijamwona. Wanaojitokeza ni wapiga solo walioshindwa. Wachache walionifurahisha walikuja mazoezini mara ya kwanza, kisha wakaacha kupokea simu. Je, Tanga imeishiwa wanamuziki? Nifunge safari ya Dar es Salaam nikawachukue wa kule?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa kazi hiyo, ndugu yangu. Kukaa na gitaa chumbani siku nzima ukimpokea mtu baada ya mtu na kumrudisha nyumbani kwa maneno ya staha kunamchosha hata mwenye subira, na uchungu huzidi pale mtu anapojua kwamba mji wake una historia kubwa ya muziki. Tanga ndiyo iliyokuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ndiko walikotoka ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipitia Arusha, wakavuka kwenda Nairobi na kuifanya Simba Wanyika kuwa miongoni mwa bendi zilizopendwa sana nchini Kenya. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kama mji umeishiwa watu. Jibu langu ni kwamba watu wapo, ila yule unayemtafuta kwenye majaribio, yaani mpigaji wa dansi aliyekwisha kuiva, hakuwahi kupatikana kwa wingi nje ya bendi, kwa sababu ni bendi yenyewe iliyomlea.

Tukumbuke jinsi wazee wetu walivyofanya kazi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park ya mwaka 1978 ikaja kubeba jina la DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa bendi hizo alipata mshahara, alikuta vyombo vipo, na alikuwa na siku za kazi za kufanya mazoezi kama vile karani alivyokuwa na siku za kukaa ofisini. Kijana asiye na gitaa lake mwenyewe aliweza kuanza kwa kubeba vyombo, akapewa tumba au nafasi ya kuitikia mapema jioni kabla ukumbi haujajaa, na baada ya miaka michache akawa mtu wa kutegemewa. Mashirika yalipoanza kujitoa, na hasa tangu miaka ya 1990 ambapo redio binafsi ziliongezeka na nyimbo zikaanza kutengenezwa kwa kompyuta studioni, njia hiyo ya malezi iliziba kwa sehemu kubwa. Leo kijana anaweza kutoa wimbo unaopendwa nchi nzima bila kusimama hata siku moja kando ya mpiga besi. Ndiyo maana waimbaji wanakujia wengi na wapiga besi hawaji: kijana hujifunza kile anachokiona kikimletea mtu jina.

Sasa tuje kwenye majaribio yenyewe, kwa sababu hapo ndipo ninapoamini unaweza kubadili mambo mwezi huu huu. Hukuniandikia unawajaribu kwa kitu gani, lakini desturi iliyoenea ni kumpa mtu wimbo mkubwa wa zamani na kumtaka aupige kama ulivyorekodiwa. Jaribio la namna hiyo linapima kumbukumbu na wepesi wa vidole, wakati dansi inasimama juu ya jambo jingine. Wewe ni mpiga rithimu, unalijua hili kuliko mimi: gitaa la solo, la solo ya pili na la rithimu hupewa kila moja kifungu kifupi, na utamu unatokana na vifungu hivyo kuingiliana bila kukanyagana, kila mpigaji akikaa mahali pake kwa dakika sita au nane bila kuchoka na bila kutamani nafasi ya mwenzake. Basi mpime mtu katika hilo. Mfundishe papo hapo kifungu cha vipimo viwili, kwa kumwimbia tu, kisha mwache akirudie kwa dakika tano huku wewe ukibadilisha chako. Katikati mwombe apunguze sauti, mwingize mwimbaji, nyamazisha dramu, uzirudishe. Mtu anayebaki mahali pake huku akiwasikiliza wenzake ni wa kumshika, hata kama hajui wimbo wowote wa mwimbaji wetu wa zamani Marijani Rajabu. Anayeanza kupamba baada ya nusu dakika atakupa kazi ngumu, hata kama vidole vyake ni vya ajabu. Usimhukumu siku hiyo, bali mwite tena baada ya siku mbili na kumwomba kifungu kile kile. Kukutana mara ya pili ndiko kunakoonyesha mengi, kwa sababu utaona nani alikwenda nyumbani akakifanyia kazi.

Mpiga besi na mpiga dramu wasijaribiwe mmoja mmoja. Waweke wawili peke yao, uwape rumba ya polepole, na usikilize kama besi inaacha nafasi au inajaza kila pengo, na kama mwendo unabaki ule ule. Wapigaji wengi wa dramu wa siku hizi wamekulia kwenye bendi za makanisa, ambako nyimbo za sifa huenda mbio, kwa hiyo watakufurahisha katika chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, na watakuangusha katika sehemu ya mwanzo ya wimbo, ile ya utulivu inayobeba maneno. Usiwarudishe nyumbani kwa sababu hiyo, kwani kupiga polepole kunafundishika kwa wiki chache, wakati masikio na heshima ya saa ni vigumu zaidi kumfundisha mtu mzima. Hao wanaoitwa wapiga solo walioshindwa nao ningewaangalia upya. Mtu aliyejaribu solo, akatambua kwamba haimfai na akakubali kushika besi, huenda ana unyenyekevu ambao chombo hicho kinauhitaji.

Kuhusu kinanda, vijana wengi hutegemea kitufe cha kuhamisha ufunguo, na kitufe hicho si kosa chenyewe. Kinakuwa tatizo pale mwimbaji anapoomba wimbo ushuke huku watu wamekwisha kuingia uwanjani kucheza. Anayejua funguo mbili tatu kwa vidole vyake na ana nia ya kuongeza anatosha kuanzia.

Kwa waimbaji, usitafute sauti ya kwanza tu. Waweke watatu watatu na ubadilishe nafasi zao katika kiitikio, ukimtafuta yule anayeweza kuimba chini ya mwenzake bila kuvutwa naye. Mlimani Park ya akina Muhiddin Gurumo na Hassani Bitchuka ilipendwa kwa namna sauti zilivyopangwa, na mpangilio kama huo hauji pale ambapo kila mmoja anataka awe mbele.

Nikuombe pia ubadilishe mahali unapowatafuta. Tangazo la redio humfikia mtu anayetaka kuwa maarufu, ilhali mpigaji mtulivu mara nyingi hajioni kuwa anaitwa. Tanga ni mji wa taarab, na vikundi vyake vya zamani kama Black Star na Lucky Star vilitumia gitaa za umeme na besi kwa namna iliyoigwa kwingineko katika pwani, kwa hiyo wapigaji wa taarab wa leo, na hata waliostaafu, ni watu wa kuwaendea kwa adabu. Nenda kwenye ibada, ukae nyuma na uisikilize bendi hadi mwisho. Nenda kwenye harusi zenye matarumbeta; ukimpata humo mpulizaji anayejua kukaa katika sauti, utakuwa umepata kitu ambacho bendi nyingi za sasa hazina.

Na Dar es Salaam? Ushauri wangu ni kwamba usiende kununua bendi. Mpigaji unayemtoa mji mwingine atahitaji chumba, chakula na malipo kabla hujapata kiingilio cha kwanza, na aliyekuja kwa ahadi ya fedha ataondoka kwa ahadi iliyo kubwa zaidi. Kuhamahama huku kumekuwa sehemu ya dansi yetu tangu zamani: Gurumo na Bitchuka walifika Mlimani Park wakitoka Juwata, ambayo awali iliitwa NUTA, na mwaka 1985 Gurumo akahamia Orchestra Safari Sound. Bendi kubwa zilistahimili misukosuko hiyo kwa sababu zilikuwa na watu wa kujazia pengo. Wewe huna bado. Kama una fedha ya kumleta mtu mmoja tu, mlete mpiga besi mzee kwa miezi miwili, kwa makubaliano kwamba kazi yake ya kwanza ni kuwafundisha vijana wako.

Hata mwaka 1978, Omar Shabani na wenzake walipoiacha Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika, walikuwemo mpiga rithimu, mpiga besi na mpiga dramu waliokwisha kuzoeana, na John Ngereza akaja kujiunga na watu ambao tayari walikuwa wakisikilizana. Fuata mpangilio huo. Anza na watu wanne, wewe na rithimu yako, besi, dramu na mwimbaji mmoja, mpige nyimbo kumi zikae sawasawa, na zile hoteli mbili uziombe kwanza jioni ya watu wanne. Watu saba watapatikana baadaye, kwa kuwa mpigaji mzuri huvutwa na bendi anayoisikia ikipiga.

Limebaki la wale waliotoweka. Sitaki kuwatetea bila kuwajua, lakini nauliza: je, walijua watalipwa nini na lini? Kijana anayelipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mazoezini, akiacha kibarua chake cha mchana, huku mwenye vyombo hajatamka lolote kuhusu mgawo, ana sababu ya kutopokea simu. Wape nauli hata kama ni ndogo. Andika kwenye karatasi sehemu ya vyombo, sehemu ya bendi na sehemu ya kila mtu, muisome pamoja na kila mmoja abaki na nakala yake. Panga mazoezi siku ambazo hazigongani na swala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili. Na kwa kila nafasi, awepo mtu wa pili anayeijua, ili kuondoka kwa mmoja kusikurudishe kwenye tangazo la redio.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, napiga besi kanisani hapa Morogoro. Nilikwenda kwenye majaribio ya bendi moja ya dansi, nikapewa wimbo nisioujua, nikababaika, wakasema watanipigia. Hawakupiga. Nijiandae vipi kwa safari nyingine?
Kijana wa besi, Morogoro

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kukusoma mara tu baada ya ndugu wa Tanga, kwa sababu yeye analia kwamba watu kama wewe hawapo.

Kabla ya kwenda, uliza bila woga ni nyimbo gani zitapigwa na katika ufunguo gani. Kiongozi mwenye nia njema atakujibu. Mji wako ndio wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo sikiliza rekodi zao ukifuata besi peke yake, na ujifunze nyimbo chache za polepole mpaka uweze kuzipiga huku unazungumza na mtu. Nenda na waya wako, na uweze kulipatanisha gitaa kwa sikio. Ukipewa wimbo usioujua, sema wazi kwamba huujui na umwombe mpiga rithimu akuimbie besi yake mara mbili, kisha upige kwa uchache: sauti ya msingi, mahali pake, bila mapambo. Kuomba kuimbiwa si aibu, na kiongozi mwenye akili atapata hapo nafasi ya kuona unavyojifunza.

Wasipokupigia baada ya wiki moja, wapigie wewe. Uliza kilichopungua, kisha uombe ruhusa ya kuhudhuria mazoezi yao ukiwa umekaa tu, karibu na spika ya besi.