Barua pepe zinaingia lakini hazitoki

Kama barua zinaingia vizuri kwenye Thunderbird (programu ya barua pepe) ila kutuma kunakwama mpaka muda unaisha, usiguse mipangilio ya kupokea. Seva ya kutuma ina mipangilio yake. Fungua mipangilio ya akaunti, shuka hadi chini kabisa kwenye orodha ya kushoto, palipoandikwa SMTP (utaratibu wa kutuma barua), kisha uihariri.

Tazama poti kwanza, yaani namba ya mlango ambao programu hupitia kuifikia seva. Ikiwa ni 25, ibadilishe: kampuni nyingi za intaneti huifunga ili kuzuia barua taka. Weka 587 pamoja na STARTTLS (usimbaji, yaani kuficha mawasiliano, huanza baada ya salamu), au 465 pamoja na SSL/TLS (usimbaji huanza mara moja). Tafadhali usizichanganye! Ukiweka 465 na STARTTLS, seva inasubiri usimbaji uanze papo hapo, programu nayo inasubiri isalimiwe kwanza, basi zinabaki kungojeana.

Ukipata kosa 535, muunganisho ni mzima. Kilichokataliwa ni jina au nenosiri. Jina kwa kawaida ni anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata. Kwa Gmail chagua OAuth2 (unaingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe), maana nenosiri la kawaida la akaunti halikubaliwi tena. Na kama ulibadilisha nenosiri karibuni, futa lile la zamani lililohifadhiwa, kwani programu hujaribu hilo kwanza.