Bajeti ya chakula inakata kabla ya mwezi kuisha? Anzia stoo, si mfukoni

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini bajeti ya chakula uliyoipanga vizuri kwenye karatasi inakata kabla ya mwezi kuisha, ni asilimia ngapi ya kipato inafaa iende kwenye chakula, na pesa ikibaki uifanyie nini. Mimi ndiye ninayeshika manunuzi ya nyumbani kwetu kwa miaka mingi sasa, nyumba ya wakubwa na watoto, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya. Nivumilie, ni ndefu.

La asilimia ni jepesi: achana nalo. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alionyesha kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyopanda, ndivyo sehemu ya kipato hicho inayokwenda kwenye chakula inavyopungua, hata kama pesa yenyewe inayotumika ni nyingi zaidi. Sasa chukua familia mbili zenye watoto idadi sawa, moja ina kipato mara tatu ya nyingine. Ukizipa asilimia moja, ama hii italala njaa, ama ile itatupa chakula. Tumbo halijui mshahara. Ukisikia mtu anasema chakula kisizidi asilimia fulani, muulize ya kipato cha nani.

Kiini cha tatizo lako kiko kwingine. Wengi wetu tunapanga kwa kuanzia na pesa: ninacho kiasi hiki, natenga hiki cha chakula, basi, Mungu atajalia. Mimi naanzia stoo. Kabla ya kutaja kiasi chochote nataka kujua nyumba inamaliza nini kwa muda gani. Kifaa chake ni kalamu ya maka iliyofungwa kamba jikoni (isipofungwa watoto wataondoka nayo). Kila kinachofunguliwa, dumu la mafuta, mfuko wa unga, pakiti ya sukari, sabuni ya kufulia, dawa ya meno, kinaandikwa tarehe ubavuni siku hiyo hiyo. Kikiisha, kabla hakijatupwa, natazama tarehe na kuandika kwenye daftari kimekaa siku ngapi. Miezi miwili hivi inatosha kukupa picha, na picha hiyo huwa haifanani na ile uliyokuwa nayo kichwani. Sukari uliyodhani inakaa mwezi utakuta inaisha wiki ya tatu, na kuna viungo ulivyokuwa ukinunua kila mara vimejipanga nyuma ya kabati havijafunguliwa.

Faida ya kujua siku ni kwamba inakufumbulia fumbo la bajeti inayokubali mwezi huu na kukataa mwezi ujao. Tuseme dumu la mafuta linakaa siku 20. Kwa mwezi wa siku 30 unahitaji dumu moja na nusu, na hakuna anayekuuzia nusu dumu. Kwa hiyo mwezi mmoja utanunua mawili, unaofuata moja. Sasa fikiria una vitu kumi vya namna hiyo, kila kimoja na mzunguko wake. Upo mwezi vitapishana vizuri, utajiona mjanja wa bajeti. Na upo mwezi vyote vitaisha ndani ya wiki moja, hapo ndipo maneno yanaanza ndani ya nyumba: nani anamaliza sukari, nani anamimina mafuta kama maji. Pengine hakuna aliyemimina chochote, ni mizunguko tu imekutana. Dawa yake ni kutenga kila mwezi bei ya dumu moja na nusu, ununue moja, ununue mawili. Nusu inayobaki mwezi mwepesi ni ya mwezi mzito, isiguswe. Fanya hivyo kwa kila kitu cha stoo, jumlisha, na jumla hiyo ndiyo bajeti ya stoo. Imetoka kwenye ulaji wenu wenyewe, haikubuniwa.

Kuna hesabu nyingine inayowaumiza watu nao hawaioni, ya kugawa pesa ya mwezi kwa nne. Wiki nne ni siku 28. Ukitumia robo kila wiki, mwezi wa siku 30 unakuachia siku 2 bila senti, wa siku 31 unakuachia 3. Kwa mwaka mzima siku hizo zinafika 29, yaani karibu mwezi mzima wa chakula ambao hukuupangia pesa, na lazima itoke mahali: nauli, ada, au deni dukani. Ni Februari peke yake isiyosumbua, nayo ikiwa na siku 28. Kwa hiyo gawa kwa siku. Kwenye mwezi wa siku 30, fungu la wiki ni kama asilimia 23 ya pesa yote, si 25, na kile kinachobaki ndicho cha zile siku mbili za mkiani. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hizo asilimia mbili za kila wiki ndizo zinazokosekana tarehe 29.

Ninaposema fungu la wiki nina maana ya vitu vinavyoharibika: mboga, matunda, maziwa, nyama. Hivi havipangiki kama vya stoo kwa sababu bei inacheza na ubora unacheza. Kwa hivi sihesabu vipimo, nahesabu pesa, na pesa hiyo inakaa mbali na nyingine. Bahasha inafaa, akaunti ndogo kwenye simu inafaa pia, almradi isiwe ile unayolipia kila kitu. Bahasha ya wiki ikiisha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tunakula kutoka stoo. Hatufungui bahasha ya wiki ijayo. Kama kuna sheria moja ninayoishikilia kwa ukali ni hiyo, maana ukishafungua bahasha ya pili mapema, kilichobaki ni pesa tu iliyogawanywa kwenye karatasi nyingi.

Fungu la tatu ni la visivyoliwa. Sabuni, dawa ya meno, karatasi za chooni, nepi kama una mtoto mchanga. Vinanunuliwa duka lile lile, vinaingia risiti ile ile, na mwisho wa mwezi unasema "chakula kimekula pesa" kumbe nusu ya lawama ni ya sabuni. Vitenge. Mwenye mtoto wa nepi ndiye atakayeshangaa kuliko wote.

Kuhusu kununua kwa jumla, nina msimamo ambao najua wengi hapa hawataupenda. Kununua kwa wingi kunaokoa pesa kwa vitu ambavyo matumizi yake hayabadiliki kwa kuvitazama. Chumvi, hata ukiwa na gunia, huongezi kwenye chungu. Sabuni ya kufulia, sukari, mafuta, biskuti ni habari nyingine: vikionekana vingi, mkono unakuwa mwepesi. Kama daftari linaonyesha pakiti ndogo ilikaa siku 10 na kubwa ya ujazo mara tatu imekaa siku 22 badala ya 30, ule unafuu wa bei umeliwa na zaidi. Ninachofanya ni kutenganisha: mzigo mkubwa unakaa kabatini juu, jikoni kunakuwa na kopo dogo linalojazwa kwa siku maalumu. Kopo likiisha kabla ya siku yake, kila mtu analiona tupu, na mjadala unaisha bila mimi kufungua mdomo.

Tena kubwa si lazima iwe nafuu. Piga bei kwa kilo au kwa lita: gawa bei kwa uzito, kikokotoo kiko kwenye simu. Utakuta mara kadhaa pakiti mbili za kati zinashinda moja kubwa. Na soma gramu kila mara, hata kwa bidhaa uliyoizoea. Viwanda vikibanwa na gharama, njia mojawapo ni kupunguza ujazo na kuacha bei na sura ya pakiti vilevile. Kilichokuwa kilo kinakuwa gramu 900, wewe unaona bei haijapanda. Imepanda kwa zaidi ya asilimia 11, imekuja kwa mlango wa nyuma. Hapo tena tarehe kwenye pakiti zinasaidia: kitu kilichozoea kukaa siku 20 kikianza kukaa 18 na watu ni walewale, kageuze pakiti usome uzito.

Kinachotupwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, migahawa na majumbani, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani kwa watu. Sikupi takwimu hiyo ili ujisikie vibaya. Nakupa kwa sababu chakula kilichotupwa ni pesa iliyokwisha kulipwa, na ndiyo rahisi kuiokoa kuliko kuhangaika kutafuta duka la bei ya chini. Kipya kinapoingia kikae nyuma, cha zamani kije mbele. Matunda yaliyoiva yasikae na mboga za majani, maana yanatoa gesi ya ethilini inayozifanya mboga ziwe njano upesi. Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kupikwa, kikae kwenye chombo cha kuona ndani. Kiporo kilichofunikwa kwenye sufuria ya bati husahaulika. Na tofautisha tarehe za kwenye pakiti: "tumia kabla ya" ni ya usalama, iheshimu, "bora kabla ya" ni ya ladha na ubora, si amri ya kutupa.

Sasa suala ambalo halimo kwenye swali lako lakini nalinusa. Umeandika "nimepanga". Nani anapika? Kama mpangaji ni mmoja na mpishi ni mwingine, bajeti hiyo ni ya upande mmoja. Anayepika anajua kuwa unga wa aina fulani unameza maji vibaya, kwamba mafuta yale ya bei ndogo yanatoa povu na kuisha haraka, kwamba mtoto wa kati ameanza kula sahani mbili. Kaa naye na daftari, msomeshane. Mwaka 1904 mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani ambalo huko wanaita kakeibo, na madaftari ya aina hiyo bado yanauzwa hadi leo. Programu za simu zipo nyingi na sina ugomvi nazo. Ila daftari likiwa juu ya meza jikoni kila mtu analiandika. Programu iko kwenye simu ya mmoja, na ina nywila.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye mshahara. Kweli kwa kiasi. Anayepata pesa kwa siku hawezi kujaza stoo mwisho wa mwezi, na ndiye anayeuziwa vipimo vidogo kwa bei kubwa ya kilo. Kwake ningegeuza mpangilio: asitafute kujaza stoo yote, achague kitu kimoja tu, kile ambacho tofauti ya bei kati ya kipimo kidogo na kikubwa ni kubwa kuliko vyote, akidundulizie hicho hadi akinunue kwa kipimo kikubwa. Pesa anayookoa kwa kutonunua vipimo vidogo vya kitu hicho ndiyo inayoanzisha cha pili. Ni mwendo wa polepole, na siku za ugonjwa unarudi nyuma.

Bei zikipanda je? Hapa ndipo utaona kwa nini nang'ang'ania siku na vipimo. Mwenye rekodi ya pesa peke yake anajua tu kwamba mwezi huu ametumia zaidi. Hajui kama ni bei au ni ulaji. Mwenye vipimo anachukua dumu moja na nusu, anazidisha kwa bei mpya, anapata jibu papo hapo, na anajua aongeze kiasi gani au apunguze nini. Bajeti isiyorekebishwa bei zinapobadilika haina adhabu ya kukupa, utaivunja tu kila mwezi hadi uichoke. Nami hupitia bei kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi kitu kikubwa kikipanda ghafla. Wageni pia nimewawekea fungu lao dogo, wasipokuja, linakua.

Pesa iliyobaki: usiihesabu siku ya mwisho wa mwezi ukaitumia kujipongeza. Kwanza angalia stoo. Kama dumu limebaki robo na mfuko wa unga umebaki vikombe vichache, hiyo pesa haijabaki, inasubiri wiki ijayo. Ikiwa stoo iko sawa na mwanzo wa mwezi na bado pesa ipo, iweke kwenye akiba ya miezi mizito hadi akiba hiyo ifikie gharama ya mwezi mmoja wa stoo. Ikishafika hapo, kinachozidi kitoe kabisa kwenye mambo ya chakula, kipeleke kwenye deni kama lipo, ama mnunulie mpishi kisu kizuri. Sijui kwa nini nyumba nyingi zinabana bajeti ya jikoni mwaka mzima huku anayepika anakata nyama kwa kisu butu.