Maswali ya Wasomaji: Mlimani na Watoto, Kutafuta Ndege

Shule zinakaribia kufungwa, na maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu matembezi ya Desemba. Tumeyajibu matano.

Tuna watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 12. Tunataka siku mbili za kutembea mlimani na kuangalia ndege. Baba yao anasema tupande Kilimanjaro kutoka lango la Marangu mpaka kibanda cha Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Inafaa? (Mama wa watatu, Njiro, Arusha)

Kwa yule wa miaka 6 haifai, mama, na hesabu yake mnaweza kuipiga wenyewe. Mtoto wa umri huo mpangie kilomita 2 kwa saa, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 300 za kupanda. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, Mandara iko mita 2,720, na njia yenyewe ni kama kilomita 8. Hapo tayari ni saa 4 za mwendo na karibu saa 3 za mwinuko, na bado hamjarudi. Giza litawakuta msituni. Tena kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, na mtoto mdogo hajui kulieleza jambo hilo. Atanuna tu na kukataa chakula, nanyi mtadhani amechoka.

Wa miaka 12 akiwa na mazoezi anaweza kwenda na baba yake. Waanze lango linapofunguliwa, na ikifika saa saba mchana wageuze popote walipo, hata kama paa la kibanda linaonekana.

Kwa familia nzima tunashauri hivi. Siku ya kwanza nendeni Ziwa Duluti, pale Tengeru. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, lililozungukwa na msitu, njia yake inafuata ukingo wa maji, na hakuna mwinuko wa kuwavunja miguu. Mtamwona mdiria akiwinda samaki na tai mla samaki juu ya matawi, na mara nyingi kenge akiota jua. Mdogo ashikwe mkono muda wote, maana ukingo unateleza na maji ni marefu.

Siku ya pili nendeni Hifadhi ya Taifa Arusha. Kutoka lango la Momella, karibu mita 1,500, kuna matembezi ya kwenda maporomoko ya maji ya Tululusia, ya saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa watu wazima. Askari wa hifadhi mwenye silaha ni lazima, kwa sababu nyati hulisha kwenye uwanda huohuo mnaoukatiza. Watoto wakae katikati ya mstari, na asiwepo wa kukimbia au kutangulia mbele ya askari. Kabla ya kulipa, taja umri wa kila mtoto na uulize kama ataruhusiwa kutembea. Bebeni vitambulisho vya taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa ili mtozwe kiingilio cha raia na cha watoto. Malipo ni kwa kontrol namba au kadi, siyo noti mkononi.

Mchana, miguu ikiwa imechoka, pandeni kwa gari mpaka ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Kushuka ndani hairuhusiwi. Mnatazama kutoka juu, na mandhari yake inatosha kabisa. Vuli ikiwa bado inanyesha, gari dogo litakwama kwenye tope la njia ile. Kodini lenye uwezo wa kupanda.

Nimenunua darubini iliyoandikwa 10x25. Uwanjani inaona vizuri, lakini msituni kila kitu ni giza, na mwanangu wa miaka 7 anasema anaona duara mbili. Ni mbovu? (Baba Nuru, Pasua, Moshi)

Huenda ni nzima, Baba Nuru, ila si ya msituni wala si ya mtoto. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 25 kwa 10 ni 2.5. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Chini ya miti mboni hupanuka ikitafuta mwanga zaidi, na darubini yako haina wa kuipa. Ya 8x42 inatoa zaidi ya milimita 5. Isitoshe, ukuzaji wa mara 10 unakuza na mtetemo wa mkono, na mkono wa mtoto hautulii.

Kuhusu duara mbili, kunja darubini mpaka mwisho umpe atazame. Bado ni duara mbili? Basi macho yake yako karibu kuliko darubini inavyoweza kujikunja. Darubini nyingi za watu wazima zina shida hiyo. Dawa ni kumtafutia ya 6x30 au nyingine ndogo yenye ukuzaji mdogo, na mtoto mwenyewe aijaribu dukani. Lakini kama wewe mtu mzima, baada ya kuikunja sawasawa, ukitazama ukingo wa paa la mbali unaona paa mbili, moja juu ya nyingine, hapo vioo vya ndani vimehama, pengine ilianguka. Usiendelee kuitumia, itawaumiza kichwa.

Wengi pia hawarekebishi macho mawili kila moja peke yake. Funika lenzi ya kulia, tazama kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi jani la mbali litulie. Sasa funika ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Kumbuka alama ya pete ilipokaa. Kila mtu ana alama yake, ndiyo maana darubini ikipokezanwa kila mmoja huilaumu.

Na vumbi usilifute kwa kanga kavu. Lipulize kwanza, vinginevyo mchanga utachora lenzi.

Tulitembea msituni saa mbili nzima. Sauti kila upande, ndege hatukuwaona. Tunakosea wapi? (Msomaji wa Himo)

Mlitembea mno. Ndege wa msituni huonekana na aliyesimama. Tembeeni dakika 5, simameni dakika 10, hasa penye mti wenye matunda yaliyoiva au mahali mwanga unapopenya. Muda mzuri ni saa mbili au tatu za kwanza baada ya mapambazuko. Kuanzia saa tano wengi hunyamaza.

Mfundishe mtoto asitafute ndege, atafute tawi linalotikisika bila upepo. Akishaliona, asiondoe macho hapo. Darubini ndiyo ifuate macho. Anayeinamisha uso kutafuta darubini shingoni ameshampoteza ndege.

Anzeni na wawili wakubwa. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, maana mbawa zake huvuma kama mtu anayepuliza tanuri: manyoya madogo ya chini ya bawa ni machache, hewa hupita katikati ya yale makubwa. Jike wake hujiziba ndani ya tundu la mti kwa udongo, dume likamlisha kupitia ufa. Wa pili ni shorobo, wa kijani kama jani lenyewe. Akitulia hamumwoni, akiruka mabawa yanawaka wekundu, na rangi ile ina madini ya shaba. Waambieni watoto wasubiri aruke.

Msipige sauti za ndege kwa simu ili kuwaita. Ndege huacha kiota chake kuja kumfukuza mgeni asiyekuwepo.

Tuvae nini? (Dada wa Sakina, Arusha)

Kijani kilichofifia au kahawia. Nguo za mabakamabaka za kijeshi msivae kabisa, ni kosa kisheria kwa raia. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, kwa ajili ya siafu. Wakiwapanda, tokeni kwanza kwenye mstari wao ndipo mvue na kuwang'oa mmoja mmoja. Sweta liwemo begini hata Moshi kukiwa na joto, kwani kila mita 1,000 za kupanda hupunguza kama nyuzi 6. Chakula kiwe kwenye kontena lenye mfuniko. Mfuko wa plastiki umepigwa marufuku tangu Juni 2019, na tumbili hujua kuufungua.

Tulikwenda maziwa ya Momella kuona flamingo, tukakuta wachache sana. Wamehama? (Babu wa wajukuu wanne, Majengo, Moshi)

Shikamoo babu. Flamingo hawana makazi ya kudumu pale; huja na kuondoka kufuata chakula. Wale wadogo wenye mdomo mwekundu uliokolea huchuja mwani kwenye maji ya magadi, na mvua ikiyajaza maziwa mwani hupungua. Maziwa yale pia hayafanani, kila moja lina madini na rangi yake, hivyo msiishie kwenye la kwanza. Zungukeni yote kwa gari, taratibu, na muulizeni askari langoni asubuhi hiyo ni ziwa lipi lina ndege.