Mkiitwa ofisini, anzeni na WinRAR

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta hapa Arusha, mkiitwa ofisini msikimbilie antivairasi. Fungueni WinRAR, ile programu ya kubana na kufungua mafaili, ingieni Help, kisha About, msome namba ya toleo. Ikiwa chini ya 7.13, hapo pana kazi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Ofisi moja ya utalii ilipokea kwa barua pepe faili la RAR, eti CV ya kijana anayeomba kazi ya kuongoza wageni. Dada wa mapokezi akalifungua, akaisoma CV, akaendelea na kazi zake. Mchana umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka na kidirisha cheusi kikachomoza na kupotea. Nikaitwa, nikasema ni umeme tu, nikachukua hela yangu. Siku ya tatu wageni wakaanza kuletewa ankara kutoka anwani ya ofisi ileile, ila akaunti ya benki ni nyingine.

Kumbe kila faili lililobanwa ndani ya RAR au zip hubeba jina na njia yake, yaani folda linakotakiwa kwenda. Programu inatakiwa kulibakiza kwenye folda uliyoichagua. Fundi mbaya huandika njia yenye nukta mbili zinazofuatana na mkwaju (..\), tena na tena, na kila mara faili linapanda folda moja juu, hadi linatoka nje na kutua kwenye folda ya Startup. Humo Windows huendesha kila kitu mtu anapoingia kwenye kompyuta. Ndiyo maana ukifungua huoni kitu. Linangoja uzime na kuwasha, na kwa umeme wetu halingoji sana.

Na tundu la usalama kwenye WinRAR si moja. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha la aina hiyo kwenye unacev2.dll, kipande cha kufungulia mafaili ya ACE, lililokaa humo miaka kama 19. Watengenezaji wa WinRAR hawakuwa na msimbo wake, hivyo toleo la 5.70 likaachana na ACE kabisa. Mwaka 2023 likaja jingine: unabofya picha ndani ya faili, inaendeshwa skripti, yaani faili la amri. Julai 2025 ndipo likatoka 7.13, kuziba tundu ambalo wahalifu walikuwa tayari wanalitumia, kwa chambo cha CV vilevile.

Na WinRAR haijisasishi yenyewe. Inakukumbusha tu kwamba siku zako arobaini za majaribio zimekwisha, na sote tunafunga ule ujumbe tukicheka. Siku za mwizi nazo ni arobaini, lakini huyu wa kwetu hazikwishi.

Sasa ile aibu yenyewe. WinRAR ya ofisi ile ilikuwa 5.61, na niliiweka mimi, kutoka kwenye flashi ninayotembea nayo miaka yote. Nilirudi kwa wateja mmoja mmoja, Sakina hadi Njiro, kuziondoa WinRAR hizo za zamani. Wengine walinilipa tena. Sikukataa.